Jina, Hati na Mlango: Jengo la Marshall Field na Mitaa Yetu

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu wakati wa maadhimisho, mbele ya waumini na majirani.



Nawashukuruni kwa heshima mliyonipa ya kusimama hapa. Kamati iliniomba nizungumze juu ya majengo ya kale ya biashara katikati ya mji, kwa kuwa wengi wa waliolijenga hekalu hili, na wengi wa majirani zake, waliishi kwa duka. Neno lenyewe “duka” ni ushahidi wa historia hiyo. Limetoka katika Kiarabu na Kiajemi, na ndugu zetu waliotoka Gujarat na Kutch walilikuta pwani hii likifanana na “dukan” waliyokuja nayo vinywani mwao.

Badala ya kuanza na maduka yetu, naomba tusafiri kidogo. Nitawapeleka Chicago, Marekani, mpaka kona ya barabara za State na Washington, lilipo jengo moja la duka. Jina la Chicago si geni katika ukumbi huu. Wahindu wote mliopo mnajua kwamba Septemba 11, 1893, Swami Vivekananda alisimama katika mji huo mbele ya Bunge la Dini za Dunia na kuwaita wasikilizaji wake ndugu. Jengo alilohutubia bado lipo, na leo ni makumbusho ya sanaa, Art Institute of Chicago. Ukitoka mlangoni pake na kutembea kwa muda usiozidi robo saa, unafika kwenye duka ninalotaka kulizungumzia. Kwa hiyo tusihesabu kuwa tumekwenda mbali.

Duka hilo lilijulikana kwa jina la Marshall Field. Nimelichagua kwa sababu moja. Historia yake inaonyesha kwamba jengo lina mambo matatu ambayo watu huyachanganya: jina lililoandikwa ukutani, hati ya umiliki iliyofungwa kabatini, na mlango unaowapitisha watu. Jina hufutwa. Hati huhamishwa. Uhai wa jengo hutegemea mlango. Nitajaribu kulieleza jambo hilo kwa matukio, kisha nitarudi nalo katika mitaa yetu, maana huko ndiko linakotuhusu.

Marshall Field alizaliwa mwaka 1834 katika kijiji cha Conway, jimbo la Massachusetts, mtoto wa mkulima. Alifika Chicago mwaka 1856 na kuajiriwa kuwa karani katika duka la vitambaa. Mwaka 1865, yeye na mwenzake Levi Leiter waliungana na mfanyabiashara Potter Palmer, na mwaka 1868 walihamia barabara ya State katika jengo ambalo watu waliliona kama kasri. Palmer alikuwa tayari amejenga sifa kwa jambo ambalo wenzake walilicheka: alimruhusu mteja kuirudisha bidhaa asiyoridhika nayo. Field alilishika neno hilo, akaliendeleza.

Hapa inafaa tueleze duka la aina hii lilikuwa na upya gani, kwa sababu leo tumelizoea. Zamani, katika miji mingi ya dunia, mtu aliyeingia dukani alihesabiwa kuwa amekuja kununua. Bei haikuandikwa, ilipatanwa, na mwenye maneno mengi alipata nafuu kuliko mnyonge. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa miji mikubwa, kama Aristide Boucicaut wa Au Bon Marché mjini Paris, walianza kufuata kanuni nyingine. Bei iliandikwa na ikawa moja kwa wote. Mtu aliweza kuingia, kutazama, kugusa, na kutoka bila kununua chochote. Aliyenunua kitu kibaya alirudishiwa fedha zake. Tena vitu vya kila aina, kuanzia vitambaa na viatu hadi vyombo, vitabu na samani, viliwekwa chini ya paa moja, kila idara na mkuu wake na hesabu zake.

Sisemi kwamba kupatana bei ni ushamba. Wahenga walisema biashara haigombi, na kupatana kwetu kuna utani wake na undugu wake. Lakini bei iliyoandikwa ilikuwa na haki ndani yake: mtoto aliyetumwa dukani alilipa sawa na bwana mwenye gari la farasi. Kanuni ya pili ilileta badiliko kubwa zaidi kwa majengo. Mara mtu aliporuhusiwa kuingia bila kununua, duka liligeuka kuwa sehemu ya mji, kama uwanja au baraza.

Oktoba 1871 moto mkubwa uliiteketeza Chicago. Takribani watu 300 walikufa na watu wapatao 100,000 walibaki bila makazi. Lile kasri la barabara ya State liliteketea pia. Usiku ule wafanyakazi walipakia sehemu ya bidhaa kwenye mikokoteni ya farasi na kuikimbiza kuelekea ufukwe wa ziwa. Wiki chache baadaye duka lilifunguliwa tena, safari hii ndani ya banda la farasi waliokuwa wakikokota magari ya abiria. Wanawake waliokuwa wakinunua hariri chini ya dari za kifahari sasa waliinunua mahali palipokuwa zizi. Mwaka 1877 jengo jipya lililokuwa limejengwa pale pale nalo liliungua, na mwaka 1879 duka lilirudi tena katika kona yake. Mwaka 1881 Leiter alijitoa, na biashara ikachukua jina la Marshall Field and Company.

Jengo linaloonekana leo halikujengwa kwa mara moja. Sehemu ya kwanza, upande wa barabara ya Wabash, ilikamilika wakati wa Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1893, chini ya ofisi ya mbunifu Daniel Burnham. Sehemu ya upande wa State iliyo kaskazini ilifunguliwa mwaka 1902, na ile ya kusini mwaka 1907, baada ya jengo la 1879 kubomolewa. Kufikia mwaka 1914 duka lilikuwa limechukua eneo zima lililozungukwa na barabara nne. Mifupa yake ni chuma cha pua, na ngozi yake ni mawe ya graniti. Kwa kuwa uzito unabebwa na chuma, kuta hazikulazimika kuwa nene, na madirisha yaliweza kuwa mapana. Katikati yaliachwa matundu makubwa yanayopanda ghorofa hadi ghorofa, ili mwanga wa jua uwafikie wauzaji waliosimama mbali na madirisha. Juu ya tundu moja, mwaka 1907, Louis Comfort Tiffany aliweka dari ya vioo vya rangi yenye vipande vipatavyo milioni 1.6. Kazi ya namna hiyo watu walizoea kuiona katika nyumba za ibada. Hapa iliwekwa mahali ambapo mwosha vyombo na mke wa tajiri waliweza kuinua macho na kuitazama bila kulipa.

Nje, kwenye kona, kuna saa kubwa. Ya kwanza iliwekwa mwaka 1897, na ya pili ilifuata kwenye kona nyingine ya barabara ya State. Kila moja ina uzito wa zaidi ya tani 7. Inasimuliwa kwamba Field aliona watu wakibandika vikaratasi kwenye dirisha la duka kuwaachia ujumbe wenzao waliochelewa, akatambua kwamba kona yake tayari ilikuwa mahali pa kukutania. Badala ya kuwafukuza, aliwawekea saa. Tangu hapo wakazi wa Chicago walikuwa na neno moja la kuahidiana: tukutane chini ya saa. Mwaka 1945 mchoraji Norman Rockwell aliichora saa hiyo kwa jalada la gazeti moja mashuhuri, na nchi nzima ikaijua.

Ndani ya jengo, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Katika miaka ile, migahawa mingi ya mjini haikumkaribisha mwanamke aliyekuja bila mwanamume. Mwanamke aliyetoka kwake asubuhi kwenda madukani alilazimika kurudi nyumbani mchana akiwa na njaa. Inakumbukwa kwamba muuzaji mmoja katika idara ya kofia, Bibi Hering, alimgawia mteja aliyechoka pai ya kuku aliyoipika mwenyewe kwa chakula chake cha mchana. Habari zikaenea, na mwaka 1890 duka lilifungua chumba cha chai. Pai hiyo inauzwa hadi leo. Baadaye vilifuata vyumba vya kupumzikia, vya kusomea na vya kuandikia barua. Mwanamke akapata mahali pa kuketi katikati ya mji kwa heshima yake, bila kuulizwa amekuja na nani.

Ndugu zangu, nikiishia hapo nitakuwa nimewasomea tangazo la biashara. Mlango ule haukuwa wazi kwa wote. Wasichana waliosimama nyuma ya meza walifanya kazi kwa saa nyingi na ujira mdogo, na Bwana Field alivipinga vikali vyama vya wafanyakazi. Wamarekani weusi walipewa kazi za kufagia, kubeba na kuendesha lifti. Kusimama mbele ya mteja na kumuuzia hawakuruhusiwa, na hali hiyo ilidumu katika maduka makubwa ya barabara ya State mpaka miaka ya 1950, baada ya kampeni ndefu za watu walioidai haki hiyo. Walikuwepo watu waliopita chini ya saa ile kila siku, na ndani wakatazamwa kama waliopotea njia. Anayelisifu jengo lile kwa mlango wake mpana sharti aikumbuke miaka hiyo yote ambayo mlango ulikuwa mpana kwa wengine na mwembamba kwa wengine.

Mali iliyopatikana pale ilitawanyika kwa njia nyingi. Harry Gordon Selfridge, aliyeanza akiwa kijana wa ghala mwaka 1879 na kupanda hadi kuwa meneja wa rejareja, alihamia London na kufungua mwaka 1909 duka lenye jina lake katika Oxford Street. John Shedd, aliyeingia akiwa karani na kumrithi Field katika uongozi, aliuachia mji nyumba kubwa ya samaki, Shedd Aquarium, iliyofunguliwa mwaka 1930. Field mwenyewe alitoa dola milioni 1 baada ya Maonyesho ya 1893 ili mikusanyo iliyoletwa isitawanyike, na alipofariki mwaka 1906 aliiachia taasisi hiyo dola milioni 8. Ndiyo Field Museum ya leo.

Na hapa hadithi ya Chicago inaingia nyumbani kwetu. Katika makumbusho hayo wamesimama simba wawili madume wasio na manyoya shingoni. Ni simba wa Tsavo. Mwaka 1898, Waingereza walipokuwa wakijenga daraja la reli juu ya Mto Tsavo, simba hao waliwavamia wafanyakazi usiku baada ya usiku mpaka kazi ikasimama. Waliouawa walikuwa Waafrika, na walikuwa Wahindi walioletwa kwa mkataba kutoka ng’ambo ya bahari. Reli ile iliwaleta zaidi ya Wahindi 30,000, na takribani 2,500 kati yao hawakurudi hai, wengi kwa maradhi na ajali. Luteni Kanali John Patterson aliyewaua simba hao aliziweka ngozi zao kama mazulia kwa zaidi ya miaka 20, kisha mwaka 1924 aliziuzia Field Museum kwa dola 5,000. Rais wa makumbusho wakati huo alikuwa Stanley Field, mpwa wa mwenye duka.

Tazameni basi jinsi nyuzi zinavyosukana. Mtu aliuza vitambaa katika kona ya barabara. Faida ikajenga makumbusho. Makumbusho yakanunua ngozi za simba waliowala watu wa pwani na bara ya kwetu, na watu wa Punjab na Gujarat. Wageni hufika kwa maelfu kuwatazama simba, na majina ya simba hao, kama yangekuwepo, yangejulikana dunia nzima. Majina ya wengi wa waliouawa hayajulikani. Nalisema hili mapema kwa sababu nitalihitaji mbele: kilichohifadhiwa hutegemea nani alijitwika kazi ya kuhifadhi.

Turudi dukani. Hati ya jengo la Field ilianza kusafiri. Mwaka 1982 kampuni iliuzwa kwa wenye mtaji kutoka nje ya Chicago, mwaka 1990 ikauzwa tena, na mwaka 2004 tena. Mwaka 2005 mnunuzi mwingine aliwameza hao wa mwisho, na Septemba 9, 2006, jina la Marshall Field liliondolewa na mahali pake pakawekwa jina la Macy’s, duka lenye asili ya New York. Siku hiyo watu walikusanyika chini ya saa wakiwa na mabango. Hawakuwa wanahisa. Wengi hawakuwa na hata jiwe moja katika jengo lile. Walikuwa wanadai nini? Nadhani walidai kutambuliwa kwamba miaka zaidi ya 100 ya kukutana chini ya saa, ya kumleta mtoto kuutazama mti wa Krismasi katika ukumbi wa chakula, ya kumnunulia bibi arusi kitambaa, nayo ilikuwa aina ya mchango katika jengo.

Jina halikurudi. Lakini angalieni kilichobaki. Jengo lilikuwa limetambuliwa na taifa kuwa la kihistoria tangu mwaka 1978, na Novemba 2005, miezi michache kabla ya jina kubadilishwa, Jiji la Chicago nalo lililiweka chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo mmiliki mpya aliweza kubadili mabango ya biashara, lakini vibao vya shaba vyenye jina la Marshall Field kwenye kona vilibaki, saa zilibaki, dari ya Tiffany ilibaki. Mwaka 2018 ghorofa za juu ziliuzwa ili zitumike kwa ofisi. Biashara ya nguo imepungua huko kama ilivyopungua kwingi, na hakuna ajuaye muuzaji wa kesho atakuwa nani. Hata hivyo kona bado ni kona, na watu bado hukutana chini ya saa.

Linganisheni na Detroit, mji usio mbali na huo. Nako kulikuwa na duka la J. L. Hudson, mojawapo ya maduka makubwa kuliko yote Marekani, lililopendwa na wenyeji kama vile Field lilivyopendwa. Lilifungwa mwaka 1983. Kwa miaka 15 lilisimama tupu, likivuja na kuporwa, na Oktoba 24, 1998, liliangushwa kwa baruti mbele ya umati. Baada ya vumbi kutulia, uwanja wake ulikaa karibu miaka 20 bila jengo jipya juu ya ardhi. Wahenga wetu walikwisha kusema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Detroit ilichukua karibu kizazi kizima kuanza kuujenga ukuta huo.

Sasa tuje kwetu, Dar es Salaam. Ninyi mnazijua nyumba ninazotaka kuzitaja. Ni zile za ghorofa moja, mbili au tatu, duka chini na familia juu, zenye roshani, na zenye jina la ukoo na mwaka vilivyochongwa kwenye lipu juu kabisa, chini ya paa. Hakuna hata moja yenye dari ya Tiffany. Lakini zilijengwa kwa wazo lile lile: chini pawe pa watu wote. Baraza mbele ya duka ilikuwa saa yetu. Hapo fundi cherehani aliweka mashine yake, mzee alikunywa kahawa, mpita njia alijikinga mvua, na mtoto wa shule alingoja mzazi wake. Mwenye duka hakudai kodi kwa kivuli.

Hati za nyumba hizi nazo zilisafiri. Mwaka 1971, kwa Sheria ya Utwaaji wa Majengo, Serikali ilitwaa majengo ya kupangishwa yenye thamani ya shilingi 100,000 na kuendelea, na yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, kisha, tangu mwaka 1990, chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Katika ukumbi huu wamo wenye kumbukumbu chungu za mwaka ule, waliojiona wamenyang’anywa jasho la wazazi wao. Wamo pia ambao wazazi wao walipata kwa mara ya kwanza chumba cha kukaa katikati ya mji waliokuwa wakiufagia. Sikuja kuamua shauri hilo. Nimelitaja kwa sababu pande zote mbili zimeishi ndani ya kuta zile zile, na kwa zaidi ya miaka 50 jina lililochongwa juu limekuwa la mmoja, hati ya mwingine, na mlango wa wote.

Hatari ya leo ni ya namna nyingine. Kuta zenyewe zinaondoka. Nyumba ya ghorofa mbili inabomolewa, mnara wa ghorofa 15 unapanda, na chini ya mnara kuna geti, mlinzi na maegesho. Mji unahitaji makazi na ofisi, wala si haki kumlaumu kila anayejenga. Lakini baraza ikiondoka, inaondoka na kila aliyeitegemea, na hakuna katika mkataba wa ujenzi anayeulizwa kuhusu fundi cherehani.

Sheria haitatusaidia sana tusipojisaidia. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Dar es Salaam yenyewe ilianza kujengwa na Sultani Majid katika miaka hiyo ya 1860. Maana yake ni kwamba karibu kila duka la kale katika mji huu ni changa mno kwa sheria hiyo, na hulindwa tu iwapo litatangazwa rasmi. Na hakuna atakayelitangaza jengo ambalo hakuna aliyeandika habari zake.

Kwa hiyo, katika siku hii ya furaha yenu, naomba mambo matatu, na yote yamo katika uwezo wa watu waliomo humu.

La kwanza, tuandike. Vijana wa hekalu na vijana wa mtaa watembee pamoja siku chache, wapige picha kila nyumba yenye jina na mwaka, na waulize: nani alijenga, fundi mwashi alikuwa nani, nani alipanga, kiliuzwa nini, nani alishona barazani? Waulizwe wazee wa pande zote, aliyekuwa na duka na aliyebeba mizigo ya duka. Kumbukeni Tsavo: ngozi za simba zimetunzwa, na majina ya watu yamepotea, kwa kuwa hakuna aliyeona ni kazi yake kuyatunza.

La pili, tuzibe ufa. Nyumba hizi haziangushwi kwanza na tingatinga. Huanza kwa bomba la maji ya mvua lililoziba, maji yakaingia katika ukuta, chuma kikala kutu, roshani ikatangazwa kuwa ya hatari, kisha ndiyo tingatinga huitwa. Wapangaji na wenye nyumba wakichangiana kusafisha mifereji ya paa kabla ya masika, watakuwa wameokoa zaidi ya ambavyo mikutano mingi ingeokoa. Haba na haba hujaza kibaba.

La tatu ni kwa ndugu wafanyabiashara na wajenzi mliomo humu, wale ambao siku moja mtaijenga ghorofa hiyo mpya. Jengeni. Lakini chini acheni baraza. Acheni kivuli cha mita mbili tatu ambacho mtu asiye na cha kununua anaweza kusimama bila kufukuzwa. Kama nyumba ya kale ilikuwa na jina na mwaka, kitoeni kibao hicho kwa uangalifu na mkiweke katika ukuta mpya, hata kama jina si la ukoo wenu. Marshall Field alikuwa mfanyabiashara mgumu, aliyejua thamani ya kila senti, naye aliona kwamba saa iliyowekwa kwa ajili ya wapita njia haikumtia hasara.

Hekalu hili lina mlango unaofunguliwa asubuhi na jioni, na majirani wa imani nyingine wamekuwa wakiingia siku za sikukuu na kupewa chakula pamoja na wenyeji. Ndiyo maana naamini ombi langu limefika mahali pake. Orodha ya nyumba za mtaa huu inaweza kuanza wiki hii, na ningefurahi kuona ukurasa wake wa kwanza katika kijitabu cha maadhimisho yajayo.

Nawatakieni maadhimisho mema, afya kwa wazee wetu, na heri kwa mtaa wetu mzima.